Kamera ya joto imenasa "kitu" angani: pita dalili moja moja kabla hujasema ni UFO

Kazi yangu ni kufunga kamera: mageti, maghala, yadi za malori, na siku hizi kamera za joto kwa wenye uwezo wa kuzilipia. Ndiyo maana klipu za vitu vya ajabu angani, zilizorekodiwa na ndege za kivita za Marekani, zikifufuka kwenye magrupu, simu yangu haipumziki. "Fundi, na hii utasemaje?" Klipu ni zilezile. FLIR1 ya Novemba 2004, GIMBAL na GOFAST za Januari 2015, ambazo Pentagoni ilizitoa rasmi tarehe 27 Aprili 2020 baada ya kuzagaa kwa miaka. Kisha zile pembetatu za kijani. Siku hizi zimeongezeka klipu fupifupi zilizopigwa na ndege zisizo na rubani. Maswali nayo hayabadiliki, basi nimeyapanga kwa dalili kama tunavyopanga hitilafu za DVR, kile kinasa picha cha kamera: sababu ya kawaida kwanza, ya nadra mwisho.

Lipo jambo moja lazima tulitengue mapema, maana ndilo linalovuruga ubishi wote. Hapa kuna maswali mawili na watu huyapika chungu kimoja. La kwanza: umbo hili, mzunguko huu, kasi hii, vimetoka kwenye kitu au vimetoka kwenye kamera? La pili: kitu chenyewe ni nini? Ukilijibu la kwanza, la pili linaweza kubaki limekaa palepale. Anayesema "ni mng'ao tu, faili lifungwe" ameruka hatua sawa na yule anayesema "hakina mabawa, basi si cha dunia hii." Nyuma ya mng'ao huwa kuna kitu cha moto.

Kabla ya dalili yoyote

Jua kamera ni ya aina gani. Tatu tofauti huitwa "infraredi" na kila moja ina maradhi yake.

Ya kwanza ni CCTV ya kawaida ya usiku. Ina vitaa vyekundu vidogo pembeni ya lenzi, inamulika na kusubiri mwanga urudi. Ya pili ni miwani ya kuonea usiku ya wanajeshi, ile ya kijani; inakuza mwanga kidogo uliopo. Ya tatu ni kamera ya joto yenyewe. Haimuliki chochote, inasoma joto linalotoka kwenye vitu. Ndege za F/A-18 zilizorekodi klipu tatu maarufu zilibeba mtambo wa aina hii, ATFLIR, uliotengenezwa na Raytheon.

Kisha tafuta faili la asili. Klipu iliyopita kwenye WhatsApp mara tano imebanwa mara tano, na kila kubanwa kunaongeza vijiraba na vivuli ambavyo mtu atakuja kuviita mabawa.

Halafu soma maandishi yaliyo pembeni mwa skrini. Watu hukodolea macho doa la katikati na kuacha namba. Namba ndizo zinazokuambia kamera inatazama nyuzi ngapi kushoto au chini, imevuta karibu mara ngapi, na kama mtambo unaujua umbali au haujui. GOFAST inaonyesha umbali. GIMBAL haionyeshi, na hilo peke yake limezaa nusu ya ubishi uliopo.

Dalili: kitu kinazunguka hewani bila kubadili njia

Hii ni GIMBAL. Ilirekodiwa nje ya pwani ya mashariki ya Marekani wakati kundi la meli za USS Theodore Roosevelt likifanya mazoezi. Doa lenye umbo kama pia ya kuchezea watoto linaelea juu ya mawingu, kisha linalala ubavu, na marubani wanasikika wakishangaa.

Sababu inayopewa uzito mkubwa na wachambuzi ni kwamba tunachokiona ni mng'ao, na kinachozunguka ni kichwa cha kamera. Aliyeisukuma hoja hii zaidi ni Mick West, aliyekuwa mtengeneza programu za michezo ya kompyuta. Inakwenda hivi. Kichwa cha kamera kilicho chini ya ndege kina viungio viwili: kimoja kinajiviringisha, kingine kinainama na kuinuka. Kufuata kitu kinachotoka kushoto mwa pua ya ndege kwenda kulia, kiungio cha kuviringika kinalazimika kugeuka nyuzi nyingi pale karibu na mbele kabisa. Picha ingegeuka nayo, kwa hiyo mtambo unaizungusha kinyume ili mandhari yabaki wima mbele ya rubani. Mawingu yanatulia. Lakini mng'ao haukuzaliwa mawinguni. Umezaliwa kwenye vioo vya kamera, basi ile kuzungushwa kinyume inauangukia wenyewe, nasi tunaona doa limelala ubavu.

Sasa tazama namba ya pembeni. Klipu inaanza kamera ikitazama nyuzi 54 kushoto na kuisha ikiwa imepita sifuri kidogo kwenda kulia. Mzunguko mkubwa unatokea wapi? Karibu na sifuri, palepale ambapo kichwa cha namna hiyo kinatakiwa kujiviringisha sana.

Unaweza kujijaribia nyumbani bila gharama. Pitisha kidole chenye mafuta, cha baada ya kula sambusa kitafaa, mara moja juu ya lenzi ya simu. Usiku, rekodi taa ya barabarani. Utaona mstari wa mwanga umekatiza taa. Sasa izungushe simu taratibu huku unarekodi, kisha kwenye programu ya kuhariri uirudishe video wima. Nguzo itasimama. Mstari wa mwanga utazunguka. Nimewaonyesha vijana wangu wawili kazini jaribio hili, mmoja alikubali papo hapo, mwingine alisema, "Kaka, hiyo ni simu, ile ni ndege ya kivita." Ana haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana tunaendelea.

Sababu ya pili ni kitu chenyewe kugeuka kweli, mathalani ndege inayokata kona. Hii haikai vizuri, kwa sababu ndege ikikata kona ule upande wa moto hubadilika ukubwa na umbo, na doa la GIMBAL linabaki karibu lilelile. Ya tatu ni chombo kinachozunguka kwa namna tusiyoijua.

Hoja ya mng'ao haijibu nini? Haijibu sauti. Kwenye klipu rubani anasema kuna kundi zima la vitu vingine kwenye skrini yao ya hali ya uwanja, na kwamba vinakwenda kinyume cha upepo. Ryan Graves, rubani wa kikosi kilichokuwa huko, amesema hadharani, na mbele ya Bunge la Marekani Julai 2023, kwamba vitu visivyojulikana vilikuwa vikionekana mara kwa mara kwenye eneo lao la mazoezi. Huo ni ushahidi wa rada na wa watu. Kamera haiwezi kuusafisha wala kuuchafua.

*Simama hapa:* ukiona umeanza kukadiria umbali wa kitu cha GIMBAL kwa macho, acha. Bila takwimu za rada na michoro ya mtambo, ambavyo viko mikononi mwa jeshi na mtengenezaji, kila namba utakayotoa umeitia mwenyewe.

Dalili: hakina mabawa, hakina mkia, hakina moshi

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko mengine yote, na jibu lake ni jepesi kuliko yote. Moshi wa injini ya jeti una mamia ya nyuzi joto. Bawa lililo futi 25,000 juu limezungukwa na hewa ya baridi kama nyuzi 35 chini ya sifuri. Kamera inajirekebisha kulingana na kilicho moto zaidi kwenye picha, kwa hiyo injini inafurika, mwanga wake unachanua na kumwagikia jirani, na bawa linazama humo. Ukimpiga picha mtu aliyesimama mbele ya taa kubwa za lori usiku huoni shati lake, na hakuna anayesema hakuvaa shati.

Mfano wenye funzo ni wa Chile. Tarehe 11 Novemba 2014 helikopta ya jeshi la wanamaji ilirekodi kwa kamera ya joto madoa mawili meusi yaliyoshikana, na baadaye yakawa kama yanatema wingu refu. Ofisi ya serikali ya Chile inayoshughulikia mambo hayo, CEFAA, ililichunguza kwa takriban miaka miwili ikashindwa. Ilipoitoa klipu Januari 2017, watu wa kawaida waliokuwa na kumbukumbu za safari za ndege walilinganisha saa, mahali na uelekeo wakaipata: ndege ya abiria, safari IB6830 ya Iberia, iliyotoka Santiago ikipanda kwenda Madrid. "Kutema" kule kulikuwa michirizi ya mvuke nyuma ya ndege. Ilikuwa mbali kuliko wale wa helikopta walivyodhani, na hapo ndipo kila kitu kilipopotea.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza: saa kamili, mahali, uelekeo wa kamera. Ukikosa kimoja kati ya hivyo usijisumbue kufungua kumbukumbu za safari. Utapata ndege yoyote unayoitaka.

Dalili: kuna duara jeupe au jeusi limekizunguka, "kama uwanja wa nguvu"

Ni programu ya kunoa picha. Kamera inatia ukingo wa rangi kinyume pembeni ya kitu chochote chenye tofauti kubwa ya joto ili rubani akione upesi. Tafuta kitu kingine cha moto kwenye klipu za kamera ileile, bomba la moshi la meli kwa mfano, nacho kitakuwa na duara. Hata DVR za bei nafuu zina kitelezi cha kunoa. Kisukume hadi mwisho uone kila nguzo ya geti lako ikipata uwanja wa nguvu.

Hapohapo angalia herufi WHT na BLK. WHT maana yake cha moto kinaonyeshwa cheupe, BLK cha moto ni cheusi. GIMBAL inaanza na WHT kisha mwendeshaji anageuza. "Kimebadilika rangi!" Hapana, amebonyeza kitufe.

Dalili: kinapita juu ya maji kwa kasi isiyowezekana

GOFAST. Doa dogo linakatiza juu ya bahari, kamera inahangaika kulikamata, inalikosa, inalikamata, na marubani wanashangilia. Nami mara ya kwanza nilidanganyika kabisa.

Hapa niweke wazi: hii si kasoro ya kamera. Kamera imefanya kazi yake bila dosari. Aliyeteleza ni mtazamaji. Ukiwa kwenye basi, nguzo za umeme zilizo karibu na barabara zinarudi nyuma mbio huku mlima wa mbali ukitembea nawe. Wanaojua huiita paralaksi. Kitu kilichoning'inia katikati ya ndege na bahari kitaonekana kikichana juu ya maji, ilhali anayekimbia ni aliyebeba kamera.

Piga hesabu mwenyewe, namba ziko kwenye skrini. Kamera inapokikamata, ndege iko futi 25,000. Kamera inatazama nyuzi 26 chini ya usawa. Umbali ni maili za baharini 4.4. Zidisha 4.4 kwa sine ya nyuzi 26 (kitufe cha "sin" kwenye kikokotoo), ambayo ni 0.44: unapata maili za baharini kama 1.93, yaani futi 11,700 hivi. Toa kwenye 25,000. Kitu kiko karibu futi 13,000 juu, zaidi ya kilomita nne kutoka majini! Hakiparuzi mawimbi hata kidogo.

Jopo la NASA lililoongozwa na mwanafizikia David Spergel lilifanya hesabu hiyo kwa ukamilifu kwenye ripoti ya Septemba 2023: katika sekunde 22 kitu kilisogea takriban mita 390. Hiyo ni kama kilomita 64 kwa saa. Bodaboda inaifikia, na upepo wa huko juu unaifikia bila kuhema. Novemba 2024 Jon Kosloski, mkuu wa AARO, ile ofisi ya Pentagoni ya kuchunguza mambo haya, aliwaeleza maseneta jambo hilohilo.

Ongeza hili: skrini imewekwa BLK na doa ni jeupe. Maana yake ni baridi kuliko bahari iliyo nyuma yake. Injini ya ajabu gani hiyo isiyotoa joto? Puto na ndege mwenye manyoya wote wanafaa hapo.

*Simama hapa:* hesabu yote imeegemea ile 4.4. Kama mtambo ulikosea umbali, nyumba nzima imebomoka. Ukibishana na mtu kuhusu GOFAST, mwulize kwanza kama anaikubali namba hiyo. Asipoikubali, hamna cha kubishania zaidi ya hiyo namba.

Dalili: mwishoni kinachomoka ghafla kushoto

FLIR1, ile ya "Tic Tac", jina la peremende nyeupe iliyofanana na kitu kile kwa umbo. Kagua mambo mawili, kwa utaratibu, kwa kusimamisha video fremu kwa fremu.

Namba ya ukuzaji inabadilika kutoka 1 kwenda 2 sekunde chache kabla ya kuchomoka? Inabadilika. Picha ikikuzwa mara mbili, mwendo uleule unaonekana mara mbili. Kisha tazama namba ya nyuzi: kamera inaendelea kugeuka na kitu, au imesimama na kitu kikateleza nje ya fremu? Kamera ikiachia lengo, kilichokuwa kikisogea taratibu muda wote kinaonekana kama kimepigwa teke.

Lakini usivuke mpaka. Aliyerekodi klipu ni Chad Underwood, askari wa ndege wa jeshi la wanamaji. Marubani wenzake, Kamanda David Fravor na Alex Dietrich, walikiona kitu chao kwa macho, siku hiyohiyo, tarehe 14 Novemba 2004, kwenye safari ya mapema zaidi kutoka meli ya kubeba ndege ya USS Nimitz. Ukieleza mwisho wa klipu umeeleza mwisho wa klipu. Macho ya Fravor hayana kitufe cha ukuzaji, na yanataka uchunguzi wa namna yake.

Dalili: kinazama baharini, kinaibuka, kinagawanyika viwili

Aguadilla, Puerto Rico, 25 Aprili 2013. Ndege ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani inakifuata kitu usiku juu ya uwanja wa ndege, kisha baharini. Kinapotea kama kimezama, kinarudi, mwisho vinakuwa viwili.

Kamera ya joto haioni vitu, inaona tofauti. Mimina maji ya uvuguvugu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu uleule, hakuna atakayekuonyesha mpaka. Kitu kikiwa na joto sawa na bahari iliyo nyuma yake kinafutika kwenye picha, kisha mandhari ya nyuma ikibadilika kinarudi. AARO ilifikia hapohapo: vilikuwa vitu viwili tangu mwanzo vikipeperushwa na upepo, na yaelekea vilikuwa taa za karatasi, zile zinazorushwa kwenye sherehe. Niliposoma hivyo nilicheka. Harusi ngapi za hapa zimerusha hizo taa, na asubuhi mtaa wa pili unasimulia nyota iliyoanguka?

Dalili: safu ya taa inaifuata ndege

Tarehe 5 Machi 2004 wanajeshi wa anga wa Mexico wakiwinda walanguzi wa dawa za kulevya waliona kwenye kamera ya joto taa 11 ambazo rada haikuziona zote wala macho hayakuziona. Wizara ya ulinzi iliitoa video, na dunia ikatikisika. Taa hazikuwa zikimfuata mtu. Zilikuwa miali ya gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta vya ghuba ya Campeche, mbali sana nyuma ya mawingu. Mwezi nao "unakufuata" ukitembea usiku, kwa sababu ileile.

Ukaguzi: chora mstari kwenye ramani kutoka ndege ilipo kuelekea kamera inakotazama, uurefushe kuliko unavyodhani inatosha. Ukifika kwenye kiwanda, kisima au mji, anzia hapo.

Dalili: pembetatu za kijani zinazopepesa

Hizi ni za miwani ya usiku, Julai 2019, zilirekodiwa kwenye meli ya USS Russell karibu na San Diego. Taa ya mbali ikitoka nje ya fokasi huchukua umbo la tundu la lenzi. Tundu likiwa na pembe tatu, taa ni pembetatu. Uthibitisho: nyota zilizo kwenye fremu nazo ni pembetatu. Tarehe 17 Mei 2022 Scott Bray wa ujasusi wa jeshi la wanamaji aliliambia Bunge kwamba umbo lilitokana na mwanga kupita kwenye miwani kisha kurekodiwa na kamera. Hata hivyo alizihusisha taa zenyewe na droni. Mnaona? Kamera imetengeneza pembetatu, na droni juu ya meli ya kivita bado ni tatizo la mtu.

Dalili: kinaacha kivuli au mawimbi nyuma yake

Klipu ya Asia Kusini, Januari 2023, kutoka ndege isiyo na rubani aina ya MQ-9. Nyuma ya kitu kulikuwa na mkia wa ajabu kama wa samaki anayekata maji. Sean Kirkpatrick, aliyekuwa mkuu wa AARO, aliieleza Seneti tarehe 19 Aprili 2023 kwamba mkia ulizaliwa ndani ya mtambo wa picha, na kitu kilikuwa ndege ya kawaida. Ukaguzi: kamera ikitetemeka, mkia unabadilika nayo? Mkia wa kweli haujui kama kamera imetetemeka.

Dalili: nukta ileile, mahali palepale, au nuru zinazorukaruka mbele ya lenzi

Hapa tumerudi kwenye mageti yetu. Nukta isiyohama hata kamera ikigeuka ni pikseli iliyokufa au vumbi. Ukisikia kamera ya joto ikifanya "tik" na picha kuganda kidogo, inajisawazisha. Madoa mengi huondoka baada ya hapo. Yasipoondoka, safisha kioo cha nje kwa kitambaa laini, basi.

Nuru zinazorukaruka kwenye CCTV ya usiku ni wadudu. Yadi moja ya malori huko Changamwe niliitwa alfajiri na mlinzi, mzee wa makamo, akiwa na begi lake tayari mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, mimi zamu ya usiku basi. Kuna kitu cheupe kinapita getini kila usiku saa nane. Njoo uone mwenyewe."

Akanionyesha. Kweli, tepe jeupe, nene, linashuka juu hadi chini, linasita, linapanda. Kwenye skrini lilikuwa refu kuliko lori. Nikachukua ngazi, nikapanda na tochi. Buibui alikuwa ametandaza utando kutoka kwenye kofia ya kamera hadi ukutani, sentimita mbili mbele ya vitaa vya infraredi, na yeye mwenyewe amekaa katikati, mnene, anang'aa kama kioo.

"Mzee, jini lako lina miguu minane."

Alicheka mpaka akakaa chini, lakini begi hakulivua hadi nilipoufagia utando na kumwonyesha picha safi. Kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali ni kitu kimoja mbele ya kamera isiyopima umbali. Buibui wa Changamwe na ndege ya Santiago ni somo lilelile.

Acha mara moja na umwite mtaalamu

- Usifungue kamera ya joto yenye mtambo wa kupoza. Ndani mna ombwe. Ukishaliharibu, kamera imekwisha.
- Usiielekeze kamera ya joto kwenye jua ili "kulinganisha". Unaweza kuchoma kihisio.
- Usikimulike kitu cha angani kwa leza. Kama ni ndege yenye abiria, umemlenga rubani machoni.
- Ukidhani ni droni karibu na uwanja wa ndege, piga simu uwanjani hapohapo. Uchambuzi utafuata.
- Usihariri faili la asili. Usilikate, usiling'arishe. Nakili, fanyia kazi nakala.
- Ukiwa na faili la asili, saa, mahali na uelekeo, na bado hakuna dalili inayolingana, sasa ndiyo wakati wa kumtafuta mtu wa hali ya hewa kwa upepo wa tabaka zile, na mtu wa safari za ndege. Si mtu wa kamera tena.

Isipolingana na dalili yoyote

Zipo. Siku ileile ya Aprili 2023 Kirkpatrick aliwaonyesha maseneta klipu nyingine ya MQ-9, hii ya Mashariki ya Kati mwaka 2022: mpira mdogo wa rangi ya fedha unakatiza fremu, kamera inageuka kuufuata, unapita. Haukuzunguka, haukuwa na duara, wala mkia. Alisema takwimu zilizopo hazitoshi kuutambua. Nimeipitisha kwenye dalili zote hapo juu. Paralaksi inagusa kasi yake, na zaidi ya hapo nimeishiwa. Kwenye kompyuta yangu ya kazini iko kwenye folda yake peke yake, na jina la folda ni "subiri".